Mondlane, Mkimbizi Aliyewajengea Wakimbizi Bweni

Jina la Eduardo Mondlane wengi wetu tulikutana nalo sekondari, kwenye mada ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Unaandika FRELIMO, unaandika 1962, unaandika bomu, unapata alama zako, unahamia swali linalofuata. Mimi nataka kuandika upande wake ambao mtihani hauulizi. Kabla ya siasa, na hata katikati ya vita, Mondlane alikuwa mtu aliyehangaika na jambo ambalo kwa sura ni dogo sana: kijana mgeni anaishije kengele ya mwisho ikishagongwa? Analala wapi, anasomea taa ya nani, anamuuliza nani somo lisipomwingia, na akimaliza darasa hili nani anamvusha kwenda lile?

Nina sababu yangu ya kuuliza. Kwetu ni Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, pale mnapopajua kwa sababu ya kituo cha kupoza umeme. Tangu Serikali ihamie Dodoma watu wameongezeka huku, na siyo watumishi tu. Wako waliokuja na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa, wako waliofuata kazi za ujenzi, na iko familia moja iliyotokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watoto wao Kiswahili wanakijua lakini kina ladha ya Kongo, hata wenzao wanawacheka. Likizo ikifika, mimi na wenzangu wawili tunakaa na watoto wa shule ya msingi chini ya mwarobaini, kuanzia saa kumi mpaka giza linapotufukuza. Hatulipwi na wala hatuna cheti cha ualimu. Tuna ubao mmoja na chaki za kuomba. Nilianza kusoma maisha ya Mondlane nikitafuta msaada wa vitendo kwa kazi hiyo, na nikapata zaidi ya nilichotafuta.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwajahani, wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, lakini alifariki Eduardo akiwa mtoto mdogo sana, kwa hiyo huo uchifu haukumnunulia hata kalamu. Alichunga mifugo kama anavyochunga mtoto yeyote wa Kigogo: unaamka alfajiri, unarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Aliyemtoa machungani ni mama yake. Mama huyo hakuwa amesoma, ila aliona kwamba wazungu wana uganga wao, na uganga huo umefichwa shuleni. Basi mwanawe aende akaujue ili siku moja aweze kupambana nao. Naye akafariki kijana wake akiwa bado hajafika mbali.

Ndipo tunakutana na kitu ambacho nadhani kilimtengeneza Mondlane kuliko darasa lolote. Misheni ya Waswisi, yaani Wapresbiteri waliotoka Uswisi, walikuwa na makundi ya vijana yaliyoitwa mintlawa. Yalianza kushika kasi miaka ya 1930. Ukitaka kuyaelewa haraka, changanya skauti na jando, kisha ondoa sare. Vijana walikutana nje ya saa za shule, wakaimba, wakasimuliana hadithi za kwao kwa lugha yao, wakalima, wakapanga safari, wakachagua viongozi wao wenyewe na kuwawajibisha. Kumbuka huu ni utawala wa Wareno, ambapo Mwafrika alitakiwa aidha abaki mtu wa shamba na kazi ya shuruti, au aache kila cha kwao apewe karatasi ya kuitwa asimilado. Ndani ya nchi kama hiyo, kikundi cha vijana kumi wanaojadili nani awe kiongozi wao ni jambo kubwa. Mondlane aliingia kama mwanachama, akawa kiongozi wa vijana, na mmisionari aliyemlea huko, André-Daniel Clerc, akashirikiana naye kuandika kitabu kuhusu utoto wa mtoto wa chifu, kilichotoka kwa Kifaransa miaka ya 1940.

Naomba wale wanaopenda kusema shughuli za nje ya darasa ni kupoteza muda wasome tena aya hiyo.

Shule rasmi zilimkatalia mapema. Alipopata cheti cha msingi, sekondari za Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo leo, hazikuwa na nafasi kwa mtu wa rangi yake na umri wake. Akaenda Cambine, kwenye shule ya kilimo ya Wamethodisti wa Marekani, akasomea kilimo cha nchi kavu na hapo hapo akajifunza Kiingereza. Akarudi Manjacaze kuwafundisha wakulima namna ya kulima mahali pasipo na mvua ya uhakika. Mtu wa Dodoma akisoma sehemu hii hucheka kidogo. Daktari wa falsafa wa baadaye alianza na somo ambalo babu zetu walilijua bila cheti: uwele na mtama kwanza, mahindi ukiwa na moyo mgumu.

Kuanzia hapo maisha yake ni ya kuvuka mipaka. Katikati ya miaka ya 1940 alivuka kwenda Lemana, Transvaal Kaskazini, kusoma sekondari akiwa na zaidi ya miaka 20. Wale mnaoitwa babu kwenye semina zenu, mpo kwenye kundi zuri. Kisha akaingia Shule ya Jan Hofmeyr ya ustawi wa jamii mjini Johannesburg, na mwaka 1949 akawa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka mmoja kabla yake chama cha makaburu kilikuwa kimeshinda uchaguzi, na serikali hiyo haikutaka Mwafrika kutoka nje akae chuo cha wazungu. Kibali chake hakikuongezwa. Akarudishwa kwao kama mzigo uliokosewa anwani.

Angeweza kukaa kwa ndugu akalaani dunia. Yeye mwaka huo huo alishiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari, NESAM. Kwa nje ulionekana wa utamaduni na kusaidiana masomo. Kwa ndani, wanafunzi wachache weusi waliokuwa wametawanyika kwenye shule za Wareno walipata mahali pa kuulizana kwa nini wako wachache. Polisi walimkamata, wakamhoji, wakaona afadhali apelekwe Ureno, huko atatulia. Miongoni mwa waliokuja kuongoza NESAM baadaye ni Joaquim Chissano. Mkumbuke jina hilo.

Lisbon alifika mwaka 1950 kwa ufadhili wa mfuko wa Phelps-Stokes wa New York. Kuhusu chuo chenyewe sina la kusema. La maana lilikuwa jengo moja lililoitwa Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi waliotoka makoloni. Wareno waliianzisha mwaka 1944 wakidhani wakiwaweka vijana wa Angola, Msumbiji, Guinea na Cape Verde chini ya paa moja watawalea kuwa Wareno wazuri. Ukiwakusanya wageni mahali pamoja, jioni wakala pamoja, wakasoma pamoja, hakuna anayejua watatoka na nini. Mondlane alikutana na Amílcar Cabral na Agostinho Neto katika mji huo. Serikali ilikuja kuifunga nyumba ile mwaka 1965, ikiwa imeshachelewa sana. Yeye hakusubiri. Askari wa siri walimfuata kila alipokwenda, na mwaka 1951 akaomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani.

Akaingia mwaka wa tatu wa shahada katika chuo cha Oberlin, Ohio, akiwa na miaka 31. Miaka ya Marekani naipitia haraka kwa sababu ilimwendea vizuri, na mambo yakienda vizuri hayana hadithi ndefu. Shahada ya kwanza alipata mwaka 1953, akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern mpaka shahada ya uzamivu mwaka 1960. Mwaka 1956 alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe waliyekutana kwenye kambi ya vijana ya kanisa, na ndoa hiyo ilikuwa na wapinzani pande zote mbili za rangi. Mwaka 1957 akaajiriwa Umoja wa Mataifa, New York, kwenye idara ya nchi za udhamini, ile ile iliyoshughulikia Tanganyika. Mwaka 1961 alitembelea Msumbiji akiwa na kinga ya wadhifa huo. Watu walimpokea kwa wingi kiasi cha kuwatia Wareno wasiwasi. Aliporudi aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, akafundisha kidogo Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwezi Juni 1962 akachaguliwa Dar es Salaam kuwa rais wa FRELIMO, chama kilichoundwa kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi na wafanyakazi waliokuwa nje ya Msumbiji. Mwaka 1963 akahamia Dar moja kwa moja na familia.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Fikiria Dar es Salaam ya 1963. Uhuru una miaka chini ya miwili. Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wamekuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Sasa wanakuja vijana wa aina nyingine, wanafunzi waliotoroka. Wengine wametembea, wengine wamepita Nyasaland au Rhodesia kwa kujificha. Mmoja amefika darasa la nne la misheni, mwingine alikuwa seminarini, mwingine hajui kusoma kabisa. Wanajua Kireno kidogo, au Kimakonde, au Kimakua, au Kishangana. Shule za Tanganyika zinafundisha kwa Kiingereza na Kiswahili. Vitabu walivyosoma vinawafundisha mito ya Ureno na wafalme wa Ureno. Hawana mzazi wa kusaini fomu. Na nchi iliyowapokea yenyewe ilikuwa na sekondari za kuhesabika, haikuwatosha hata wenyeji.

Mondlane na Janet walianzisha Taasisi ya Msumbiji, Kurasini, mwaka huo wa 1963. Mimi nilidhani ilizaliwa ikiwa shule kamili. Kumbe sivyo. Mwanzoni ilikuwa zaidi ni bweni na masomo ya nyongeza. Hapo Kurasini palikuwa na shule iliyoendeshwa na African-American Institute kwa vijana wakimbizi wa kusini mwa Afrika. Vijana wa Msumbiji walikwenda huko kwa masomo ya kawaida, kisha wakarudi kwenye Taasisi kulala, kula, na kufundishwa yale ambayo shule haikuwapa: kujazia mapengo ya hesabu na Kiingereza, na kuijua nchi yao, kwa sababu hakuna shule nyingine duniani iliyokuwa na kazi ya kumfundisha Mmsumbiji kuhusu Msumbiji. Idadi ya mwanzo ilikuwa kama vijana 50. Janet ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Taratibu Taasisi ikawa sekondari yenyewe, ikaongeza kozi ya wasaidizi wa wauguzi, na kazi ya kuandaa vitabu vipya ikaanza.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Mtu mwenye uzamivu, aliyefundisha chuo kikuu Marekani, anafika kuongoza chama kinachojiandaa kwa vita, na mwaka huo huo anatafuta vitanda na vyandarua. Wenzake wengine hawakumwelewa. Wao walitaka bunduki. Ila ukiangalia alikotoka, mintlawa, NESAM, ile nyumba ya Lisbon, utaona kila hatua aliyopanda ilikuwa na chumba fulani pembeni ya darasa ambako kijana mgeni alipata watu wake. Alikuwa anajenga alichokijua.

Fedha zilikuwa mtihani. Ford Foundation ya Marekani ilitoa karibu dola 100,000 za kuanzia. Ureno ikalalamika kwa Washington kwamba fedha za Wamarekani zinawalea magaidi. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO na ilikuwa na visiwa vya Azores ambako Wamarekani walihitaji kituo cha ndege za kijeshi. Msaada wa Ford haukurudiwa. Vitanda vya vijana 50 wa Kurasini vilikuwa vimegongana na uwanja wa ndege katikati ya bahari ya Atlantiki! Janet ikabidi azunguke Ulaya na bakuli, kama tunavyosema. Serikali ya Sweden ilikubali kusaidia kuanzia katikati ya miaka ya 1960, makanisa nayo yakachangia, na Taasisi ikaendelea kupumua.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO walianza vita ya silaha. Sasa kijana aliyefika Dar alikuwa na njia mbili mbele yake. Moja ni Kurasini. Nyingine ni huku kwetu. Kongwa, kama kilomita 90 mashariki ya Dodoma mjini, ndiko Serikali ya Tanganyika ilikowapa wapigania uhuru eneo la kambi. Waingereza walikuwa wamejaribu kulima karanga huko kuanzia 1947 wakashindwa vibaya. Ardhi yetu iliwakatalia, ila majengo yakabaki. FRELIMO walipiga kambi hapo, na vyama vingine vya ukombozi kama SWAPO, ANC na MPLA navyo vilikuwa na watu wao Kongwa. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi hospitalini Lourenço Marques, alipitia Algeria kwa mafunzo, kisha akawa Kongwa. Watu wa mkoa huu wanajua habari za Kongwa. Ni wachache wanaojua kwamba kijana huyo huyo angeweza kupelekwa Kurasini, na kwamba uamuzi kati ya daftari na bunduki ulikuwa unafanywa kila siku juu ya watoto wa miaka 16 na 17.

Vita ilileta wakimbizi wengi zaidi kusini, kwenye kambi kama Rutamba, Lundo na Muhukuru. FRELIMO wakafungua shule ya msingi Tunduru. Kwa hiyo ngazi ikakamilika kwenye karatasi: mtoto aanze Tunduru, apande Kurasini, kisha apate ufadhili wa chuo nje, Marekani, Ulaya, nchi za kisoshalisti. Mtoto aliyevuka Ruvuma mgongoni mwa mama yake angeweza kumaliza akiwa daktari.

Sasa, akishakuwa daktari, ni wa nani?

Swali hili ndilo lililomla Mondlane, na sisi wa chuo hatuna haki ya kulisoma kama la watu wengine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na masharti yake. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 warudi kwao, na siku hiyo hiyo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye, lakini ujumbe ulifika: aliyesomeshwa na wakulima ana deni kwa wakulima. Katika mji huo huo, miezi hiyo hiyo, FRELIMO walikuwa wanaweka utaratibu wa namna hiyo. Mwanafunzi asitishe masomo kwa muda akafundishe shule za msituni au afanye kazi nyingine ya mapambano, kabla ya kupewa ufadhili wa nje. Waliokuwa nje tayari warudi wakiitwa.

Wengi wa waliokuwa nchi za Magharibi hawakurudi. Mwaka 1967 Mondlane aliwaandikia waraka mkali. Umoja wa wanafunzi wa Msumbiji walioko nje, UNEMO, ukamjibu kwa ukali vile vile. Ukiwa mwanafunzi ni rahisi kuwaelewa. Yeye mwenyewe alikaa Marekani miaka 10 na zaidi, akachukua shahada zote, akaoa, akaajiriwa New York, na hakuna aliyemwambia asimamishe uzamivu akafundishe a-e-i-o-u chini ya mwembe Niassa. Na ukiwa upande wake nako si vigumu kumwelewa. Shule za msituni zilikuwa zinafunguliwa kila mahali jeshi la Wareno liliporudishwa nyuma, na hazikuwa na walimu. Mtu mwenye darasa la sita alikuwa hazina.

Moto uliwakia Kurasini. Padri Mkatoliki, Mateus Gwengere, alifika Dar kutoka Msumbiji, akawa karibu na wanafunzi, akawaunga mkono katika kudai kwamba kazi yao ni kusoma na wapelekwe vyuoni, na kwamba walimu weupe wenye asili ya Kireno waondoke. Mwezi Machi 1968 fujo zikatokea ndani ya Taasisi. Shule ikafungwa. Wanafunzi wengine wakapelekwa Rutamba, wengi wakatorokea Kenya, wakawa wakimbizi mara ya pili. Mwezi Mei watu walivamia ofisi za FRELIMO mjini Dar, na Mateus Muthemba, mtu wa uongozi, akafa. Walimu kadhaa weupe waliondolewa nchini mwaka huo. Bweni alilolijenga kwa miaka mitano lilikuwa limebaki kuta.

Nimesoma wanaoandika kwamba wale wanafunzi walikuwa wasaliti waliopandikizwa. Sikubaliani. Ugomvi wa kikabila na wa rangi ulichochewa, ndiyo, na kulikuwa na watu wazima waliowatumia. Lakini kijana aliyevuka nchi tatu kwa miguu ili asome, ukimwambia subiri kwanza, si lazima awe msaliti ndipo akatae. Hata hivyo siwezi pia kusimama na wale waliobaki nje kimya. Mimi nasoma kwa mkopo. Bumu likichelewa siku tatu sote tunapiga kelele, na ni haki yetu. Lakini pale Zuzu, fedha hiyo nikiiangalia, naijua sura yake: ni ushuru wa mama anayeuza karanga stendi. Mondlane alikosea, kwa maoni yangu, si katika kudai deni bali katika wakati wa kulidai, kwamba alilidai kabla mtoto hajamaliza kula. Angewaacha wamalize kidato, akawapa kazi ya kufundisha wakati wa likizo tu, pengine Kurasini isingewaka. Najua kwamba vita haisubiri kidato. Bado nasema hivyo.

Yeye hakupata muda wa kurekebisha. Julai 1968 alifanikisha mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO ndani ya ardhi ya Msumbiji, Niassa, akachaguliwa tena. Tarehe 3 Februari 1969, asubuhi, alichukua barua zake akaenda kufanyia kazi kwenye nyumba ya rafiki wa familia, Oyster Bay, kando ya bahari. Kifurushi kimoja kilikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Alikuwa na miaka 48. Nyerere alihudhuria mazishi yake. Alizikwa Kinondoni, na baada ya uhuru mabaki yake yalipelekwa Maputo. Chuo kikuu cha huko kilipewa jina lake mwaka 1976.

Nimejiuliza kwa nini wauaji walichagua kitabu. Walimjua, nafikiri. Mtu kama yule kifurushi cha kitabu hakiachi mezani mpaka kesho.

Janet alibaki na watoto watatu na kazi ya Taasisi. Mwaka 1970 FRELIMO walifungua tena sekondari, safari hii Bagamoyo, mbali kidogo na kelele za mji, na utaratibu wa kusoma huku mkilima na kufanya kazi ukawekwa tangu siku ya kwanza badala ya kuletwa katikati. Graça, aliyekuja kuwa mke wa Samora Machel, alikuwa miongoni mwa viongozi wa shule hiyo mwaka 1974, kabla ya kuwa waziri wa elimu wa Msumbiji huru.

Na ile shule ya msingi ya Tunduru? Mmoja wa watoto waliosoma hapo alikuwa Mmakonde kutoka Mueda, aliyezaliwa mwaka 1959 na kuvushwa mpaka vita ilipopamba moto. Aliendelea akawa mhandisi. Anaitwa Filipe Nyusi, na mwaka 2015 aliapishwa kuwa rais wa Msumbiji. Wakati wa ziara zake Tanzania alizungumza Kiswahili kama mtu wa kusini, bila kutafuta maneno.

Chissano, yule kijana wa NESAM, alikuwa amemtangulia. Alifanya kazi Dar karibu na Mondlane, akaishi uhamishoni Tanzania miaka mingi, akawa rais wa pili wa Msumbiji. Julai 2004, Addis Ababa, alipokuwa anakabidhi uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alisimama mbele ya wakuu wa nchi akahutubia kwa Kiswahili, lugha aliyoiokota kwetu akiwa mkimbizi. Wajumbe wengi walishikwa na mshangao, wakawa wanageukiana kuulizana anasema nini.